Muuzaji Aonje Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko. Mpishi Mkuu wa kantini ya kiwanda, hapa Morogoro mjini, alinipa kigoda akaniambia nikae mlango wa nyuma, pale wauzaji wanaposhushia mizigo. Nilikuwa msichana, nimevaa aproni mpya, nikaona nimedharauliwa.

"Humu ndani kuna moto tu," akasema. "Chakula kinaharibikia mlangoni. Kaa hapo ujifunze kuogopa."

Nikajifunza kweli, na woga huo sijauacha mpaka leo nimestaafu. Nyie mnaonunua chakula mkitoka kazini, simu sikioni, bodaboda inawasubiri, mtaniona bibi mwenye vituko. Haya, chekeni, lakini nisikilizeni.

Desturi ya mlango ule tuliiita kuonjesha. Muuzaji akileta nyanya, Mpishi Mkuu alichomoa moja katikati ya tenga, lile kapu kubwa la kubebea nyanya. Hakuchukua ya juu, maana juu hupangwa za kuvutia macho. Anaifuta, anampa mwenye mali. "Karibu, onja." Akila, tunapima mzigo. Akianza visingizio, mara jino linamuuma, mara amefunga na Ramadhani bado iko mbali, tunamwambia aende salama.

Hofu yetu ilikuwa dawa. Nyanya hupigwa dawa ya wadudu na ya ukungu kwa bomba la mgongoni, na ikishapigwa inatakiwa isubiri siku zake ndipo ichumwe. Mkulima mwenye shida huziruka siku hizo. Wewe mnunuzi huoni kitu. Nyanya inang'aa tu, na kuiosha hakuondoi yote. Nilikuwa nikimwona mtu anatafuna, anameza, roho yangu inatulia, naendelea na kazi.

Baadaye nilihamia shule ya msingi ya bweni, nikawa Mpishi Mkuu mwenyewe. Hapo woga ukazidi. Kiwandani nililisha watu wazima wenye ndevu zao. Hapa walikuja na sahani watoto waliong'oka meno ya mbele, wananiita bibi jikoni na umri wenyewe ulikuwa bado. Ijumaa tulipika pilau, na pilau kwa wale watoto ilikuwa kachumbari. Nyanya mbichi, kitunguu, chumvi, basi. Kila Ijumaa nililala na wasiwasi.

Matroni wa bweni, mwanamke mwenye moyo mzuri ila hana subira, alikuwa akinigombeza. "Mwanaidi, unawahoji watu kama polisi. Kengele italia watoto hawajala."

"Ikilia, nawe utawapigia hadithi," namjibu.

Aliyetuletea nyanya alikuwa Mama Shukuru, mkulima wa Mlali. Huyu hakungoja kuambiwa. Akishusha tenga tu ananyoosha mkono, anacheka. "Lete nile, dada, nikutoe wasiwasi." Nilimpenda. Mtoto wake Shukuru yuko mgongoni, ananitolea ulimi.

Ikaja masika mbaya. Ugonjwa wa ukungu ukaingia Mlali, mashamba yakageuka meusi. Sokoni nyanya zote zina madoa. Ijumaa hiyo Mama Shukuru akaja na tenga safi, nyanya nyekundu hazina hata alama. Nilifurahi, halafu nikajiuliza hizi zimeponaje. Ndani pilau imeshatiwa mchele, Matroni anapiga kelele. Nikachomoa moja katikati.

Aliishika kidogo. Akaifuta kwa kanga, akaifuta tena. Siku hiyo hakucheka. Akauma, akatafuna, akameza, huku ananitazama usoni. Nikashusha pumzi.

Shukuru akanyoosha mkono kutoka mgongoni, anataka kipande kilichobaki. Mama yake akaupiga ule mkono, kofi la nguvu, mtoto akaangua kilio. Kipande akakitupa matopeni.

Nikakiangalia kile kipande matopeni.

"Mama Shukuru," nikamwambia, "mmepiga lini dawa?"

"Jana jioni." Sauti ilikuwa chini sana. "Ukungu ulikuwa unamaliza shamba, dada. Tungekosa zote."

"Na wewe umekula?"

"Si umeniambia nile?"

Nikakaa kwenye kigoda. Walinijia akilini wote walioonja mbele yangu tangu kiwandani, wakitafuna wananitazama vilevile. Miaka yote ile niliamini kuwa anayekula hana la kuficha. Kumbe mwenye njaa nyumbani atakula tu, ilimradi mzigo upokelewe. Nilikuwa nikiwalisha watu sumu mlangoni na kuwaambia karibu.

Matroni akatokea. "Pokea basi, tukatekate."

"Leo hakuna kachumbari."

"Watoto nitawaambia nini?"

"Waambie Mwanaidi amekataa."

Nikamwomba Mama Shukuru asiziuze kwingine. Akaniuliza, bila hasira, "Nizimwage? Halafu tule nini?" Nikamuuliza nyumbani wanampa Shukuru nyanya gani. Akasema wana tuta lao nyuma ya jiko, hawalipigi dawa, nyanya zake ndogo na zina matundu ya wadudu. Kisha akamwita bodaboda, akafunga tenga, wakashuka kuelekea sokoni. Nikajua kuna nyumba mjini zitakula zile nyanya jioni hiyo, na mama wa nyumba hizo watazisifia.

Mkuu wa Shule aliniita ofisini. "Nasikia umewanyima watoto kachumbari."

"Ndiyo, Mkuu. Na nitawanyima tena."

Akanitazama sana, akasema nikafanye kazi yangu.

Kuonjesha nikakuacha siku hiyohiyo. Nikaanza kuuliza siku ya dawa, na kila muuzaji nilimwambia kabla hajajibu kwamba akisema kweli simfukuzi. Kama ni jana, basi, nitangoja mchumo unaofuata, na nafasi yake haichukuliwi na mtu. Mama Shukuru alirudi. Kuna wiki alishusha tenga, kuna wiki alikuja mikono mitupu kuniambia tusubiri, na watoto wakala pilau kavu wakinuna. Hata hivyo niliogopa. Neno la mtu huwezi kulipima.

Sasa niko Mwembesongo, kwa mwanangu. Mkwe wangu anafanya kazi mpaka jioni, ananunua mboga njiani. Juzi alileta nyanya nzuri, hazina doa.

"Zimepigwa dawa lini?" nikamuuliza.

"Mama, nitajuaje? Muuzaji mwenyewe kazichukua kwa mwingine. Na mimi nimechoka."

Alikuwa amechoka kweli, viatu hajavua. Sikumlaumu. Nikakaa nizimenye, nizipike sana. Mjukuu wangu Idi akaja mbio, akanyoosha mkono kuchukua kipande ubaoni.

Mkono wangu uliupiga wake kabla sijafikiri. Akalia. Mkwe wangu akageuka. Nikampa mtoto ndizi ya kutoka Kinole, akatulia. Kile kipande nikakitia sufuriani pamoja na vingine. Chakula kilipoiva tukakaa mezani sisi wakubwa, tukala.