Kaseyo

Tulikuwa tunamenya karanga, binti yangu macho kwenye simu, kwenye tamthilia yake ya Kikorea. Vumbi la maganda likanipanda puani, nikamkumbuka dada.

Kule kijijini kwetu Kabungu, nikiwa mdogo, muuguzi Mkorea wa zahanati alimfundisha dada Kikorea, maana dada alitaka kwenda kusoma Korea. Jioni dada naye ananifundisha, kwa karanga hizihizi. Aliniwekea moja kiganjani.

"Hana."

"Hana nini?"

Alicheka mpaka ungo ukamwagika. "Hana ni moja, we mtoto!"

Kuagana kuna maneno mawili, akaniambia, na unainamisha kichwa: kaseyo na geseyo. Moja unamwambia anayeondoka, lingine anayebaki. Mimi sikuhangaika kukariri. Kaseyo si inaanza na ka, kama kaa? Basi ni kaa.

Halafu akaugua. Alikonda hata ungo ukawa mzito kwake. Siku walipompakia kwenye gari kumpeleka hospitali Mpanda, niling'ang'ania mlango nikilia, "Dada, kaseyo! Kaseyo!"

Alinitazama sana. Kisha akainamisha kichwa, taratibu, kama alivyonifundisha.

"Geseyo," akasema.

Alirudi kwenye jeneza.

Sasa kwenye simu ya binti yangu kuna mtu anasindikizwa mlangoni. "Kaseyo," wanamwambia.

"Wanasemaje hapo?" nikauliza.

"Nenda salama, mama."

Mkono wangu ukabaki ndani ya karanga. "Na geseyo?"

"Hiyo anasema anayeondoka. Baki salama."