Salamu za Nkowe

Nimefundisha darasa la kwanza Nachingwea kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kazi hiyo imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kuona watu wamesimama ovyo nisitake kuwapanga. Hata msibani nimewahi kuwapanga watu foleni ya kunawa mikono, na wafiwa wakanitii. Kwa hiyo mimi bintiye nilipoamua kumpeleka mama yangu Madina, niliiandaa safari ile kama mtihani wa taifa. Nilinunua daftari kubwa, nikalivalisha kava la kaki, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: SALAMU.

Huku kwetu mtu anayekwenda Madina haendi peke yake. Kwanza anazunguka kuaga na kuomba radhi, maana huwezi kwenda kusimama karibu na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, huku jirani ana kinyongo na wewe. Halafu kila unayemuaga anakukabidhi salamu zake umfikishie Mtume, na dua yake umwombee kwa Mungu palepale. Ukishazipokea ni amana. Ukirudi hujazifikisha, watu watakunywa chai yako na kula tende zako, lakini watakuwa wanakuangalia.

Mama ana miaka sabini na ushee. Ni mkulima wa Nkowe, wa korosho na ufuta, na lugha yake ni Kimwera. Kiswahili anakitumia sokoni Ruangwa na mbele ya wakwe. Kusoma hajui, na magoti yamemchosha kiasi kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akisali kwenye kiti. Maisha yake yote amekuwa na hamu moja tu ya safari, nayo ni kusali Rawdha, ile sehemu ndogo ndani ya msikiti wa Madina iliyo kati ya nyumba ya Mtume na mimbari yake. Alikuwa akiitaja hata akiwa anaokota korosho, kwa sauti ya mtu anayezungumzia shamba ambalo bado hajalimiliki.

Tulizunguka siku nne kwa bodaboda, yeye yake na mimi yangu. Kila nyumba mama alichuchumaa, magoti yakilia, akasalimia kama anavyosalimia siku zote: habari za waliolala ndani, za wagonjwa, za shamba, za kuku. Ndipo anaomba radhi, ndipo anapokea salamu. Mimi nilikalia kigoda nikiandika namba, nyumba, ujumbe. Mmoja alimtakia mwanawe kazi. Mwingine alitaka mume wake apunguze ukali. Bibi mmoja kipofu alisema Mtume apelekewe salamu tu, kutoka kwa mtu ambaye bado yupo na bado anasali. Tulifika hata kwa mama wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, ambao msimu uliopita ng'ombe wao walilala kwenye ufuta wetu. Mimi nilibaki juu ya pikipiki. Mama akashuka, akachuchumaa, akaomba radhi yeye aliyeliwa ufuta. Yule mwenzake, ambaye wala si Mwislamu, akaomba aombewe mvua. Niliandika nikiwa nimenuna.

Mwisho tulikwenda Matambarale kwa mjomba. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, hata kama dada yake amemzidi umri kama mama alivyomzidi huyu. Alitusikiliza, akampa dada yake ruhusa, akamshika mikono muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "salamu zetu zikibaki njiani, usije ukaniambia watu walikuwa wengi."

Pasipoti nayo ilikuwa na vituko vyake. Kule Lindi mashine ilikataa kusoma vidole vya mama. Amebangua korosho tangu utotoni, na yale mafuta ya ganda yamemuunguza ngozi mpaka ncha za vidole zikawa laini kabisa, hazina mstari. Kijana wa mashine alifuta kioo, akajaribu tena, akafuta tena. Mama akamwambia asihangaike, vidole vyake vilishaisha kazini. Tulirudi baada ya wiki mbili za kupaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na kidole kimoja kikakubali.

Basi tukafika Madina, mimi na daftari langu na mama na viatu vyake vipya. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mpole, ila kila wakati kama anachelewa basi. Alitueleza utaratibu. Kuingia Rawdha ni kwa kibali cha kwenye simu, chenye siku na saa, na mtu hapati cha pili mpaka mwaka uzunguke. Chetu kilikuwa cha siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa, umekosa. Kisha akanivuta pembeni akanishauri mama abaki hotelini siku hiyo, kwa sababu ya magoti na msongamano. Salamu zake angeweza kuzitoa kwa mbali, uwanjani. Nilimjibu kwa sauti ninayowatunzia wazazi wanaoleta mtoto shule saa nne. Hakurudia.

Ule uwanja wa msikiti sikuwa nimejiandaa nao. Marumaru inang'aa na ina ubaridi hata juani, miavuli mikubwa kama nyumba inafunguka yenyewe juu ya vichwa vya watu, na mwisho wa macho yako ni kuba la kijani lililo juu ya kaburi la Mtume. Mimi nilishikwa na kwikwi ya kilio. Mama alitazama chini, akatazama juu, akasema pamefagiliwa vizuri. Kisha akaanza kusalimia.

Alimsalimia mzee wa Kituruki aliyekaa akila zabibu. Akawasalimia akina mama wa Indonesia waliovaa nguo nyeupe za namna moja, mmoja baada ya mwingine, na walikuwa wengi. Akachuchumaa, akaanza na asalaam aleikum, halafu akahamia Kimwera: waliolala ndani, wagonjwa, shamba. Njia ya dakika tano ikatuchukua dakika arobaini. Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili uvumilivu ukanishinda.

"Mama, hawa watu hawakujui."

"Ndiyo maana nawasalimia," akasema. "Wanaonijua nimeshawaaga kwetu."

Aliyepata salamu nyingi kuliko wote alikuwa mhudumu mmoja wa mlango wa wanawake, aliyevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka kwenye glavu, anayeonekana miwani tu. Kila tukipita, mama alishuka chini kabisa mbele yake na kumuulizia watoto na mifugo. Mara ya kwanza yule mhudumu alishtuka akataka kumwinua, akidhani ameanguka. Mara ya pili akaitika kwa kichwa. Jioni ya siku ya pili akaweka mkono kifuani. Mimi nilikuwa natazama miavuli, nikijifanya sikufuatana na huyu bibi.

Siku ya tatu nilitoa amri kabla ya chai. Leo hakuna kusalimia. Tutatoka na wenzetu, tutatembea na wenzetu, tutaingia na wenzetu. Mama akakubali, na tulipotoka hotelini alitembea amebana midomo kama mtoto aliyeambiwa ashike maji mdomoni. Tulikwenda vizuri mpaka katikati ya uwanja. Pale kulikuwa na bibi mmoja amekaa peke yake chini ya nguzo ya mwavuli, analia kimyakimya. Mama akasimama. Nikamvuta mkono. Hakuvutika. Nikamvuta tena, na mtu aliyebeba magunia ya korosho maisha yake yote havutwi na mwalimu wa darasa la kwanza. Akashuka, akamsalimia yule bibi mpaka mwisho, akamfuta uso kwa ncha ya khanga yake, akakaa naye mpaka akatulia.

Tulipoinuka, wenzetu walikuwa wamekwenda. Nikasema haidhuru, mlango naujua. Kwa mikono yangu mwenyewe nikampeleka mama upande usio wenyewe. Nilikuwa nimeihesabu milango kuanzia mwisho mwingine, kosa ambalo mtoto wangu wa darasani angelifanya ningemsimamisha. Askari wa mlango ule akatuonyesha kwa kidole kule tulikotoka, mbali, ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano. Tukageuka. Mama alijitahidi, lakini magoti ni magoti. Hapo katikati ya uwanja wa Mtume, mbele za watu waliokuja kuomba msamaha wa madhambi yao, nikampigia mama yangu kelele. Nilimwambia ameona sasa, ndizo hizo salamu zake. Aliendelea kutembea. Nimejuta mambo mengi maishani, lakini hilo bado linanichoma.

Tulifika saa tatu kasoro. Kundi letu lilikuwa limeshaingia na kamba imeshafungwa. Msichana wa zamu akatazama kibali kwenye simu yangu, akaonyesha saa, akatikisa kichwa. Nilibembeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha shule, kisha, sijui shetani gani alinituma, nikamfungulia daftari la kava la kaki nikamwonyesha namba moja mpaka ya mwisho, kana kwamba angesoma habari za waume wakali wa Nkowe akalegea. Akatikisa kichwa tena. Nikamwona mjomba amekaa barazani kwake Matambarale. Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Nilipofuta macho, mama hakuwa kando yangu. Alikuwa hatua chache mbele, amechuchumaa, anasalimia. Alikuwa amemwona yule wa miwani. Akamuulizia waliolala ndani. Akamuulizia wagonjwa, watoto, mifugo, kwa Kimwera chake cha polepole, bila haraka hata kidogo, na hakuomba chochote. Nadhani wala hakujua kwamba kuna kitu cha kuomba. Alimwona mtu anayemfahamu, akamsalimia.

Yule mhudumu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi na uso wangu uliolowa, akachukua simu yangu, akasoma kibali, akaongea na msichana wa zamu maneno mengi ya Kiarabu. Msichana akainua mabega. Yule wa miwani akamwinua mama kwa mikono miwili, akafungua kamba, akatuweka mkiani mwa kundi lililofuata. Alimshika mama mkono mpaka ndani.

Zulia la Rawdha ni la kijani. Sina maneno mengi zaidi ya hayo, kwa sababu niliona kidogo sana. Nilimwona mama akisimama kusali bila kutafuta kiti. Akarukuu, akashuka mpaka paji la uso likagusa zulia, na akainuka mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka rakaa zikaisha. Sijui nguvu zile alizitoa wapi.

Muda ulikuwa mfupi, wahudumu walishaanza kutuhimiza. Nikafungua daftari. Herufi zikacheza. Nikafuta macho, nikalisogeza, nikalirudisha. Namba moja yenyewe sikuiona. Mimi niliyefundisha nusu ya Nachingwea kusoma, nilisimama pale sijui a wala be.

Mama akaanza bila mimi. Alianzia nyumba ya kwanza kwetu, ile ya barabarani, akafuata njia. Fulani wa hapo anakusalimu, fulani wa nyuma yake anakusalimu. Aliwapita wote, nyumba kwa nyumba, kama siku zile nne, akamtaja kipofu na maneno yake yaleyale, akafika kwa wafugaji akawaombea mvua na malisho, akavuka mpaka Matambarale. Alizungumza kwa sauti ya chini, Kimwera kitupu, na wahudumu walipokuja kutuondoa alikuwa amemaliza na mjomba.

Tulipotoka nje nilitaka kupiga kigelegele. Mama alitaka maji. Kiongozi wa msafara alitujia mbio, uso umemshuka, akaanza kutupa pole na kusema Mungu anajua nia. Mama akaniuliza huyu kijana anatupa pole ya nini. Nikamweleza anadhani tumekosa.

"Mwambie tumeingia," akasema, na akaendelea kunywa.

Nikampigia mjomba. Kumbe tangu asubuhi watu walikuwa wamekusanyika kwake, wengine wametembea kutoka Nkowe, na wafugaji nao wapo. Aliweka simu kwenye spika. Nikampa mama, ambaye siku zote huishika simu kwa mbali kama chungu cha moto. Safari hii aliisogeza mdomoni.

"Zimefika," akasema. "Mwalimu kawasomea zote kwenye daftari lake. Hata moja haikubaki."

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile viliwageuza watu uwanjani. Nikamsikia mjomba akiita jina langu kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia, watu wakiitikia, mwalimu, mwalimu. Nikafungua mdomo nirekebishe, kama nilivyowarekebisha watu maisha yangu yote. Mama akanitazama, nikanyamaza.