Glavu za Siku ya Mkaguzi

Juzi nilisimama kwenye dirisha la stoo ya mkandarasi anayechimba mtaro wa maji hapa Mbinga. Tangu kazi za serikali wapewe watu binafsi, tunaambiwa, mambo yanakwenda haraka. Kweli yanakwenda. Mbele yangu alikuwa kibarua aliyetoka hospitali Litembo, mkono wa kulia umebaki na vidole vitatu. Yeye na wenzake walikuwa wakiteremsha bomba la zege mtaroni kwa kamba ya kufungia magunia ya kahawa. Kamba ikakatika, bomba likambana mkono.

"Shikamoo, mzee. Naomba glavu."

"Marahaba," akajibu mtunza stoo. Nyuma yake glavu zilijaa rafuni, bado zimo kwenye nailoni, kando ya mnyororo mpya wa kuteremshia mabomba. "Hizo ni za siku ya mkaguzi, mwanangu."

"Na ule mnyororo mpya?"

"Nao pia. Ile kamba imebeba kahawa tangu enzi za ushirika, nani angejua itashindwa na bomba?"

"Mkaguzi anakuja lini?"

"Huwa anakuja mtu akishaumia."

Kibarua akauweka mkono wake juu ya kaunta. Mzee akautazama, akakohoa.

"Basi ni leo," akasema, akachana nailoni.

Glavu ilimwenea, ila vidole viwili vilining'inia vitupu. Mzee akabandua ukutani tangazo la USALAMA KWANZA, akalichana, akaviringisha vipande na kuvijaza humo.

"Haya. Mkaguzi hataona kasoro."

Matangazo ya namna ile nimeyasoma miaka mingi. Hilo ndilo la kwanza kuliona likifanya kazi.