Nyumba Isiyo na Mlango

Ti! Mguu wa baba kwenye sakafu ya mbao. Kati ya sauti zote za utotoni, hiyo ndiyo haijamtoka binti. Baba yake, fundi samani, alizaliwa kiziwi. Akitaka kumwita mtu alipiga mguu chini, na kishindo kikatambaa hadi kwenye nyayo za binti yake chumba cha pili. Binti alikuja mbio, akasimama mbele yake, akawa masikio yake: kwa wateja, kwa daktari, kwa mama mwenye nyumba aliyekuwa na ulimi kama msasa. Binti akilainisha tusi, mzee alimgundua usoni.

"Nipe yote," alimwambia kwa mikono. "Ukinichujia, dunia nitaijuaje?"

Akakua, akawa mkalimani wa lugha ya alama. Jumamosi moja aliitwa kwenye ukumbi wa mji, kwenye mdahalo uliokuwa umegawanya watu hadi mezani kwao: je, watoto shuleni wafundishwe kwamba viumbe vilibadilika polepole, kizazi baada ya kizazi, au kwamba yuko Msanifu aliyevipanga? Mwenzake wa kupokezana naye alikuwa mgonjwa. Basi peke yake akatafsiri pande zote mbili: akawa mchungaji, akawa profesa, akawa mchungaji tena, mabega yakimwaka moto. Viziwi walikaa safu ya mbele, baba yake katikati, ndani ya koti lake la arusini.

"Chukueni sikio," alisema mchungaji. "Vifupa vitatu, vyote vinatosha juu ya ukucha. Ondoa kimoja, umeharibu vyote. Kitu kama hicho kijipange chenyewe?"

"Viwili kati ya hivyo vilikuwa sehemu ya taya kwa mababu zetu wa kale mno," alijibu profesa. "Mifupa yao iliyogeuka mawe tunayo. Njoo uione, mchungaji, haing'ati."

Huku vicheko, huku mizomeo. Mikono ya binti ikapitisha vyote.

Ndipo mchungaji, kwa kunogewa na makofi, akapaza sauti: "Na sikio likifa, mtu ni nyumba isiyo na mlango! Haingii mtu, hatoki mtu!"

Mikono ikamshuka. Ikalala mapajani mpaka profesa aliposhika tena kipaza sauti. Ukumbini nani angejali? Mzee mmoja tu, aliyeuona mdomo wa mchungaji ukicheza na mikono ya mwanawe imekufa.

Wakati wa kutoka mama mmoja alimdaka. "Wewe dada, kwa profesa unachangamka kweli! Kwani uko upande gani?"

"Upande wa mabega, mama. Yananiuma."

Njia nzima mzee alitangulia. Nyumbani akakaa akitazama dirisha. Akaguswa bega, akalitikisa kama anayefukuza nzi. Kiziwi akikugeuzia kisogo, maneno yameisha. Binti akaelewa kilichokuwa kinamponyoka: baba akiacha kuiamini mikono yake leo, basi hata maneno ya jana, hata ya daktari, hata ya mazishi ya mama, yote yanaingia shakani.

Akavua viatu. Akapiga mguu sakafuni. Ti!

Mzee akageuka. Hakuwahi kuitwa hivyo na mtu.

Binti akampa sentensi nzima: nyumba, mlango, kunogewa kwa mchungaji, na makofi yaliyofuata. Mzee alitazama hadi mwisho, uso haukusogea.

"Yule mwingine alimjibu nini?"

"Hilo hakulijibu. Alirudi kwenye mifupa yake."

"Hata yeye?"

"Hata yeye, baba."

Mzee akavuta pumzi. "Haya. Sasa na mimi nimehudhuria." Kisha, kabla mikono haijatulia: "Usinifiche tena."

Akainuka kubandika chai, akampa mgongo, sasa bila hasira. Binti akabaki kwenye kiti, mikono imelala mapajani. Katika nyumba ile ambamo sauti haikuwa na kazi, akatumia yake, ndogo, hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida:

"Nimechoka kuwa mlango, baba."