Siku Wakwe Walipokunywa Maji ya Sukuma Wiki

Aibu hii ni yangu na siigawi na mtu. Najua wengine wenu mmeshaisikia pale sokoni Chepilat ikiwa imetiwa chumvi, na kuna namna moja ya kuisimulia ambayo mzee mmoja anakufa, kwa hivyo niseme mapema kwamba hakuna aliyekufa. Lakini ni kweli kwamba siku ya koito ya binti yangu Chelangat, siku ambayo watu wa upande wa kijana walitoka Sigowet kuja kumwomba rasmi, wazee watatu wa heshima walikunywa samadi katika boma langu, na mirija waliyonywea niliikata mimi mwenyewe, kwa msumeno, baada ya kuipima kwa rula.

Mimi ni karani wa kupima majani chai. Shule niliachia darasa la nane, na mengine nimejifunza mwenyewe polepole, kwa vitabu vya mitumba na kwa daftari ambalo naandika kila ninachojaribu. Mwaka jana mke wangu aliumwa goti, na kwetu mto uko chini kabisa, njia ni ya kuteremka na kupanda, kwa hivyo bustani yake ya mboga ilianza kukauka mara tu mvua ilipokatika mwezi wa kwanza. Nikasoma kuhusu vyombo vya kupandia vinavyojimwagilia vyenyewe. (Jirani yetu Mama Kwamboka, ambaye aliolewa huku kutoka upande wa Nyamira na hana breki mdomoni, aliniuliza: "Baba Chelangat, huku mvua inanyesha mpaka kuku wanapata mafua, na wewe unatafuta ndoo ya kujimwagilia?" Nikamwambia angoje Februari. Februari alikuja kuomba dhania.)

Chombo chenyewe ni rahisi. Nilikata pipa la bluu la plastiki katikati. Chini nikaacha nafasi ya maji, juu yake nikaweka sakafu ya plastiki yenye matundu, juu ya sakafu nikajaza udongo, halafu nikapitisha vipande vya blanketi kuukuu kutoka kwenye udongo mpaka majini, viwe kama utambi wa taa: mmea ukitaka maji, utambi unayavuta. Maji unayamwaga kwa bomba linalosimama kutoka juu hadi chini. Dukani bomba jembamba la plastiki lilikuwa limeisha, kwa hivyo nilitumia mianzi, nikatoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto, na mwisho wa kila mwanzi nikafunga kipande cha pazia la neti ili udongo usiingie. Niliweka mianzi mitatu, nikidhani maji yataenea vizuri zaidi. (Mmoja ungetosha. Maji hujisawazisha yenyewe, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano anajua.)

Sasa, kama wewe ni Mkipsigis wa umri fulani, umeshaona kitu ambacho mimi sikukiona. Chombo kikubwa, kipo kivulini, na kina mirija mirefu ya mwanzi yenye chujio mwishoni. Babu zetu walikaa duara kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake, ule tunaouita rogoret. Mimi nimelelewa kanisani, pombe ya chungu niliiona mara moja tu nikiwa mdogo, na nilipoangalia pipa langu niliona mboga peke yake.

Jumatano ya wiki ile nililoweka samadi ya ng'ombe ndani ya gunia kwenye maji, nikaongeza molasi kidogo, na Ijumaa nikachuja na kumwaga kwenye pipa. Harufu haikuwa mbaya. Ilikuwa chachu kidogo, na tamu kidogo.

Jumamosi alfajiri nilivuna sukuma wiki yote na dhania yote kwa ajili ya wageni, na pipa likabaki na vishina tupu. Mke wangu akaniambia, "Baba Chelangat, hilo pipa lipeleke nyuma ya zizi, wageni wasilione hivyo." Ushauri mzuri, ambao ungechukua dakika tano. Lakini mimi nilitaka wageni walione, nilikuwa hata nimetayarisha maneno machache ya kuwaeleza baada ya chakula, basi nikaamua kulifunika. Nilikata majani ya mgomba, nikayapanga juu yakaficha udongo na vishina, nikayafunga kwa kamba ya mkonge kuzunguka mdomo wa pipa, na mianzi mitatu ikachomoza katikati. Lilipendeza sana. Nilirudi nyuma hatua mbili nikalitazama, nikaridhika.

Wageni tuliwatarajia saa tano. Walifika saa tatu na nusu. Mimi nilikuwa chumbani nikipigana na tai, na ndugu yangu aliyewapokea, kwa vile turubai lilikuwa bado halijafungwa upande mmoja, aliwaweka wazee watatu kwenye viti ukutani, kivulini, hapo hapo penye pipa, kisha akakimbia kutafuta viti zaidi. Kwa desturi wageni wa koito hatuwakimbilii, tunawaacha wapumzike wenyeji wakijikusanya, kwa hivyo wazee hao walikaa peke yao muda wa kutosha.

Nikasikia dirisha linagongwa. Alikuwa Mama Kwamboka, ana unga mpaka kwenye viwiko.

"Baba Chelangat! Hiyo mboga yako inanyweka?"

"Inanyweka vipi?"

"Mimi sijui. Wazee wako wamekaa wanakunywa."

Nilitoka na tai ikiwa nusu. Wazee wale walikuwa wamevuta viti vikazunguka pipa, kila mmoja ameshika mwanzi wake kwa vidole viwili, kwa utulivu wa watu wanaojua wanachofanya. Mkubwa wao alikuwa Mzee arap Tonui, kaka wa babu yake kijana, mtu wa zaidi ya miaka themanini, na ndiye aliyekuja kuwa msemaji wao. Aliponiona alifuta midomo, akanipa mkono.

"Mwenyewe wa boma," akasema, "umetuheshimu. Siku hizi watu wanatupa soda." Akanisogelea, akashusha sauti. "Ila bado ni changa. Ungeiacha siku mbili tena."

Mzee wa pili akasema, "Mimi nasikia ng'ombe kwa mbali."

"Ni molasi," akasema wa tatu, kama mtaalamu.

Kabla sijafungua mdomo mchungaji wetu alisimama chini ya turubai akasema, "Tuombe." Na wazee wakaachia mirija haraka, wakavua kofia.

Maombi yale yalikuwa marefu. Mchungaji alianzia kwa Adamu. Mimi nilisimama nimefumba jicho moja, na lile lingine nimemtazama arap Tonui, na nikapima mambo kama ninavyopima majani. Nikisema ukweli, naaibika mimi, na hilo si kitu, lakini naye anaaibika mbele ya mchungaji na mbele ya watu wake, kwa sababu kila mtu anajua mzee yule ameokoka miaka mingi na hagusi pombe. Nikinyamaza, huenda ikapita kimya kimya. Huenda pia mzee wa miaka themanini akaharisha mpaka akaisha nguvu njiani kurudi Sigowet, na mimi nilijua, nikala naye wali. Mlangoni mwa jikoni alisimama Chelangat, amevaa nguo aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka miwili. Nikasema moyoni, mtoto wangu, nisamehe.

Mchungaji aliposema amina, nikasema, "Wazee, naomba radhi. Kile chombo si pombe. Ni bustani. Maji yaliyo ndani ni ya kulisha sukuma wiki, na yana samadi ya ng'ombe."

Sufuria ilianguka jikoni, na hata yeye aliyeiangusha hakuiokota.

Baba ya kijana ndiye aliyesimama kwanza. "Tumetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi," akasema, "tuje tunyweshwe mavi?" Akachukua fimbo yake. Wengine wakaanza kusimama mmoja mmoja, na kijana mwenyewe akatazama chini. Mke wangu alijifunika uso kwa leso. Mimi tai ilikuwa bado nusu.

Arap Tonui peke yake hakuinuka. Akaniuliza, "Ng'ombe wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Anakula nini?"

"Napia. Na mabua ya mahindi."

Akafikiri. "Amechanjwa?"

"Amechanjwa."

"Haya," akasema, "nipelekeni kwa daktari kwanza. Halafu tutaongea. Na nyinyi kaeni chini, mnakimbilia wapi? Ni nyinyi mmekunywa?"

Tukaingia kwenye gari la ndugu yangu, wazee watatu na mimi. (Kabla ya kuondoka nilichovya kijiti kwenye pipa kupima maji yamepungua kiasi gani. Mke wangu aliniona nikifanya hivyo, na mpaka leo hajalisamehe hilo.) Zahanati ilikuwa imejaa, Jumamosi, na nusu ya watu kwenye benchi ni wakulima ninaowapimia chai. Daktari, msichana mdogo aliyemaliza masomo juzi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Wamekunywa nini?"

Nikamwambia.

"Kiasi gani?"

"Kama lita moja, wote watatu. Kina kimeshuka nusu sentimita."

Aliacha kuandika akanitazama. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Si huyu ni karani wetu?" na mwingine akamjibu, "Ni yeye. Hata samadi amewapimia."

Walipewa dawa na maji ya chumvi na sukari, wakaambiwa wakae saa mbili waangaliwe. Nilikaa na arap Tonui kwenye benchi nje. Nilimwomba msamaha mara ya tatu, akanikatiza kwa mkono.

"Sikiliza. Mimi niliacha pombe wakati wewe hujaoa. Leo nimeona mirija, nikamkumbuka baba yangu na marafiki zake, wamekaa hivyo. Nikasema, nishike tu. Nilipoushika, nikasema, nionje tu." Akacheka kidogo, akakohoa. "Wewe ungeweza kunyamaza."

"Niliogopa utaugua, mzee."

"Na hukuogopa binti yako atakosa bwana?"

"Niliogopa hilo pia."

Akatikisa kichwa. "Siku utakaposimulia watu, kwa sababu utasimulia, hakuna mtu anaweza kukaa na neno kama hili, useme nilikunywa. Usinifiche. Mimi mwenyewe kesho nitalisema kanisani."

Tulirudi saa nane na dakika kumi, wote watatu wakiwa wazima. Wageni walikuwa bado wamekaa, kwa sababu mzee alisema wakae, lakini walikaa kama watu wanaongojea gari. Baba ya kijana alikuwa ameiweka fimbo magotini. Arap Tonui hakuketi. Alisimama katikati ya turubai, akaegemea bega langu.

"Baba zetu," akasema, "walikuwa wakinywa chungu kimoja na watu wa boma, basi maneno yameshakubaliwa. Hamwezi kugombana tena na mtu mliyekunywa naye. Ni kweli ama ni uongo?"

"Ni kweli," wakajibu wazee.

"Mimi nimekunywa katika boma hili. Hakuna mahali niliposikia kwamba mtu anauliza kwanza ndani ya chungu kuna nini." Hapo mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na akafuatwa. Mzee akangoja. "Na mwenye boma ametuambia ukweli akiwa na kila sababu ya kudanganya. Mimi nataka mtoto wa mtu kama huyo. Mwenye neno lingine aseme."

Baba ya kijana aliitazama fimbo yake, kisha akaiegemeza kwenye kiti. "Sina neno," akasema. "Lakini mimi nitakunywa soda."

Mazungumzo yakaendelea na yakaisha vizuri kabla ya mvua ya jioni. Sukuma wiki ililiwa yote. Harusi ilifanyika Desemba, na Chelangat sasa yuko Sigowet, ana afya, na kila akinipigia simu ananiuliza kama nimefunika kitu chochote.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao kumtengenezea arap Tonui mapipa mawili ya mboga za kienyeji, la managu na la saga, kwa ombi lake. Mke wake, mama mkongwe mwenye sauti ndogo, alinisalimu kwa mikono yote miwili akauliza, "Ni wewe ulimpa mzee wangu ile kitu?"

Nikasema, "Ndiyo mama, ni mimi. Pole sana."

"Usiseme pole. Nimeomba miaka. Moyo wake uliokoka zamani, ni macho yalikuwa bado. Kukiwa na sherehe mahali, alikuwa anatazama. Siku hizi hatazami." Akanishika mkono tena, kwa nguvu. "Mungu akubariki na ng'ombe wako."

Nimeapa mambo mawili, na yote nimeyaandika kwenye daftari kwa kalamu. La kwanza, bomba la kujazia maji nitaliweka ubavuni mwa pipa, fupi, chini, lenye kizibo, mahali ambapo mzee hawezi kufika bila kulala kifudifudi. La pili, mke wangu akiniambia nihamishe kitu nyuma ya zizi, nitakihamisha siku hiyo hiyo, bila kuuliza na bila kutayarisha maneno machache. Kwa yaliyobaki sina malalamiko. Niliwanywesha watu samadi, nao wakanipa undugu, na mpaka leo nikikumbuka nashukuru huku masikio yanawaka.