Mimi Niliyepita Mlangoni Mokambo

Timu yetu ya kikapu imefungwa leo, lakini si kwa sababu mimi nilipita mlangoni.

Tulipofika Mokambo, kapiteni alituzuia nje ya uwanja.
“Musipite apa! Balizika dawa ku mulango. Turuke kibambazi!”

Wenzangu wote wakaruka ukuta.
Mimi, mwenye diploma yangu, nikapita mlangoni, peke yangu, kichwa juu.
“Dawa haiogopake diplome, vieux!” wakanicheka, wakiniita mzee.

Kapiteni, mfungaji wetu bora, alitua vibaya akateguka kifundo cha mguu. Mchezo mzima aliutazama akiwa benchi.

Tukafungwa.

Sasa, humu ndani ya basi, wanadai kwamba dawa niliiingiza mimi kwa viatu vyangu. Wanataka niondolewe kikosini.

Siondoki.

Kapiteni, umekaa kiti cha mbele na simu unayo mkononi. Nijibu hapa kwenye kundi la timu, watu wote wasome: mguu wako uliteguka mlangoni, au ukutani?