Pasi Kwenye Sahani Yangu

Kila asubuhi mke wangu ananiandalia pasi.

Sio chai, sio mkate. Pasi ya umeme, ya baridi, imekaa juu ya sahani yangu, waya umezungushwa vizuri. Pembeni ameweka kijiko.

Huu ni mwezi wa nne. Siku ya kwanza nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Nisiwafiche, ninastahili. Someni mwone.

Mimi ni mchoraji wa kompyuta kwenye kiwanda cha vyombo vya nyumbani. Kabla pasi haijawa pasi, lazima mtu aichore kwenye skrini: mgongo wake, ubavu wake, na ule mkunjo unaounganisha mgongo na ubavu. Huo mkunjo, ambao sisi tunauita kona, ndio kazi yenyewe. Ukiuunganisha vibaya, mwanga unajikwaa pale, na mnunuzi anaona mstari hata kama hajui anaona nini.

Aliyenifundisha ni baba mkwe wangu, mkuu wa idara. Kiwanda kizima walimwita Kiganja, maana hakuamini kitu mpaka akipapase.

"Mkwe, mkunjo unashikiliwa na safu za nukta," alikuwa akiniambia. "Weka sita. Tatu upande huu, tatu upande ule. Safu nne nazo zinaunganisha, ila kwa pupa."

Mimi nne zilinitosha. Sita zina kero. Ukivuta nukta moja nyingine zinagoma, na ile mistari ya punda milia tunayoipitisha kwenye skrini kupima ulaini inavunjika shingo, unaanza upya. Mzee aliweza kukaa wiki nzima na kona moja, anapiga mluzi.

Macho yake yalipoanza kufifia nikajua kiti ni changu. Kumbe mkurugenzi akamwongezea miaka miwili.

Roho iliniuma, jamani. Iliniuma vibaya.

Pasi mpya ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ndani ya hiyo nyongeza. Aliisaini, akaenda kula mchana. Nikafungua faili lake, nikafuta kona yake, nikaweka yangu ya safu nne, nikaituma kwa wakata chuma wachonge kalibu ya kumiminia pasi. Kona yake nikaificha kwenye flashi yangu. Mpaka leo sijui kwa nini sikuifuta.

Sasa, mke wangu, binti yake wa pekee, ndiye alikuwa anasugua kalibu za chuma mpaka zing'ae. Siku kalibu ya pasi ilipomfikia, alirudi nyumbani uso umemkunjamana.

"Kuna mstari kwenye kona. Hauonekani, ila mkono unauhisi. Nyie mko ofisi moja, mwambie baba kabla hawajaanza kumimina."

"Nitamwambia."

Sikumwambia.

Zikatoka pasi elfu sita. Chini ya taa za maduka mstari ulionekana kama kovu, na zote zikarudishwa. Mkurugenzi akatuita ofisini. Nilikaa katikati, baba kushoto, binti kulia.

"Kosa la nani hili?"

Mzee akaipapasa ile pasi taratibu. Akageuza uso kidogo, upande aliokaa binti yake. Kisha akasema, "Langu."

Mzee alijua alichora safu sita. Akilini mwake mstari ungeweza kutoka sehemu moja tu, kwenye mkono wa aliyesugua, na huyo ni binti yake. Akaubeba mzigo ili mtoto asimwage unga. Naye binti alimtazama akiwaza: nilimtumia ujumbe, akanipuuza, leo anajifanya muungwana.

Kila mmoja akamshuku mwenzake, kila mmoja akafunga mdomo. Ukweli nikawa nao mimi tu. Na kiti nikapewa mimi.

Mzee akafukuzwa siku hiyohiyo. Macho nayo yakazima kabisa, tukamchukua aishi kwetu. Mwaka mmoja na nusu, meza moja, baba na binti hawasemezani.

"Mwambie baba chumvi iko kushoto kwake."

"Mwambie mkeo nimeipata."

Nami napitisha maneno huku na huku. Nikiri tu, nilikuwa nafurahia. Sijawahi kuhitajika nyumbani kwangu kama kipindi kile.

Mchana mmoja mzee akaangusha kikombe. Mke wangu akalipuka.

"Huwa husikii ukiambiwa! Hata ile pasi nilikutumia ujumbe, ukaniona mjinga!"

"Ujumbe gani?"

"Wa mstari! Nilimpa huyu hapa akuletee!"

Kijiko kikanibaki mdomoni.

Mzee akageuza uso upande wangu. "Mama," akamwambia binti yake, "lete kompyuta ya mumeo. Fungua ile pasi. Washa nukta za kona, unihesabie safu."

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

"Endelea."

"Zimeisha, baba."

Nilipiga magoti, nikalia kwa sauti. Nikasema nilikuwa narekebisha kitu kidogo tu, nikabonyeza vibaya, kona yake ikapotea, nikaogopa kusema. Nililia vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaamini.

"Basi ichore upya," mzee akasema. "Siku ikipita kwenye kiganja changu, nimekusamehe."

Rahisi, nikajisemea. Kila Jumapili nikamletea kona ya plastiki, iliyochapwa na mashine ya kiwandani, aipapase.

"Bado."

Jumapili ya pili, "Bado." Ya tisa, "Bado." Mkuu wa idara mzima, jina mlangoni, siwezi kuunganisha kona ya pasi!

Jumapili ya kumi nilichoka. Nikachukua ile flashi, nikachapa kona yake mwenyewe.

Akaipapasa. Akairudia. Uso wake ukalainika, nikajua nimepona.

"Mama, njoo uguse," akasema. "Hii ni yangu."

Mke wangu akaigusa. Alichukua muda mrefu kuniangalia.

"Kwa hiyo haikupotea."

Mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Siku ile mkurugenzi anauliza kosa la nani, ulikuwa nayo?"

Ilikuwa mfukoni mwangu.

Hawakunifukuza. Ningefukuzwa ningeshukuru. Asubuhi yake nikaikuta pasi, moja ya zile elfu sita, kwenye sahani, na imekuwa hivyo tangu siku hiyo. Baba na binti wanakaa mbele yangu, wanapeana chumvi, wanacheka mpaka machozi, wanasimuliana yote waliyonyimana. Hakuna anayeniambia "mwambie". Hakuna anayeniambia chochote.

Na kiwandani mkurugenzi anataka pasi nyingine, kona laini, mwisho wa mwezi.

Kama una mpango wa kumwangusha aliyekufundisha kazi, mimi sina mdomo wa kukukataza. Ila hakikisha kwanza amemaliza kukufundisha.

Leo kabla sijaisogeza pasi ili nile, nimepitisha mkono kwenye kona yake. Miaka yote hii ule mstari sikuwahi kuuhisi. Leo nimeuhisi.